Bata wa Mama Esta

Nyasubi, Kahama
Jumapili

Kaka Feisal,

Shikamoo. Naomba mwenzako Masudi akufikishie barua hii huko Rwamgasa akukute mzima. Sisi huku tunapumua, alhamdulillah.

Tangu tumzike ndugu yetu Abdulhalim baada ya kile kifusi cha duarani, huko shimoni kwenu kwa dhahabu, nyumba imebadilika. Baba amekuwa mkali, juzi kamfukuza mteja dukani kwa kuuliza tena bei ya khanga. Mama yeye ni mgongo, kichwa, halafu mgongo tena, na vipimo havioni kitu. Nilimpeleka zahanati, Nesi Coletha akamwambia taratibu kwamba huenda ni sonona, huzuni iliyoingia mwilini. Mama akajibu kuwa yeye amekuja na mgongo tu, huzuni ameiacha nyumbani. Nesi akacheka, akamshika mkono, mara wote wawili wanalia. Baba alipoambiwa alisema sonona ni ya watu wenye nafasi, yeye ana duka.

Na wewe, Masudi anasema unashuka hata zamu zisizo zako, eti ukipumzika unakisikia kifusi.

Hatuli tena sinia moja. Kila mtu na sahani yake, pembeni kwake. Mimi nasifiwa. Majirani wanasema Raudha ana subira, hata hasikiki. Mama Esta naye anasifia bata wake walivyonenepa, anasema ni baraka.

Kaka, bata hao wanakula chakula changu. Sina subira yoyote. Kila nikiamka nasikitika kwamba nimeamka. Neno la Nesi tulifundishwa shuleni kwa Kiingereza, nikaandika maana yake nikapata vema. Sikujua linaweza kukaa ndani ya mtu na watu wakamsifu kwa upole.

Jana nilirudi zahanati peke yangu nikamweleza Nesi. Hakunigombeza. Alisema Alhamisi nije na mtu mzima ninayemwamini. Baba nilimwogopa, Mama nilimhurumia. Nikakutaja wewe.

Najua unaogopa uso wa Mama, kwa kuwa ndiwe uliyemwita Abdulhalim huko. Njoo hivyo hivyo. Usilete chochote. Tukae sinia moja, nitajaribu kula.

Wasalimie wenzako wa duara, waambie umeitwa nyumbani. Jumatano jioni nitakuwa stendi, nitangoja hadi basi la mwisho.

Mdogo wako,
Raudha