Miiba Niliyoiweka Mwenyewe

Jumamosi jioni

Na mimi nilidhani leo nimetenda huruma! Hata nilikuwa nimeanza kujisifu mbele za Mungu.

Jirani yangu Mama Kawira alivunjika mguu wiki iliyopita. Ndiye aliyesema mbele ya akina mama wote wa kanisa kwamba sijui kulea watoto, na tangu siku hiyo tunasalimiana kwa ncha za vidole tu. Lakini majani yake ya chai yalikuwa yanakomaa shambani bila mtu wa kuyachuma. Basi nikabeba kikapu changu nikaenda, nikichuma huku nanung'unika.

Saa sita alijikokota na mkongojo, akaniletea kikombe cha chai. Nilingoja aombe msamaha. Hakuomba. Aliniuliza tu, polepole, "Mama Mwenda, kumbe hata leo umezungukia barabarani?"

Kati ya boma lake na langu kuna ua wa michongoma tu, na tulikuwa na pengo pale, la kupita kuombana chumvi na kiberiti. Mwaka juzi, baada ya maneno yale ya kanisani, nililiziba kwa matawi ya miiba. Leo nimepita kando ya pengo hilo nikienda kumhurumia, na matawi yale wala sikuyaona.

Nikiyatoa, ataingia tena kwangu na ule mdomo wake. Naogopa, sitaficha. Bwana, afadhali nimchumie chai mwaka mzima kuliko...

Panga la kukatia matawi yale nimeliweka karibu na mlango.