Gari Lako Juu ya Kichwa cha Mama

Nyumbani, mezani jikoni
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu, Injinia,

Hujambo huko? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule wa mwisho kifua kimepona? Sisi huku miili mizima, mimi nina mafua tu. Salamu ndizo hizo, na nimezitoa kwa moyo, usije ukasema dada alianza na matusi.

Sasa tuongee kuhusu hiyo lifti yako ya magari.

Najua picha zilikufurahisha. Gari lako jekundu limepaa juu, kigari cha mama kimejibanza chini, na banda la gari moja sasa linameza mawili. Ukaandika kwenye kundi la familia kwamba umempa mama zawadi. Zawadi! Mama aliomba lini kukutunzia gari unaloliendesha wiki mbili kwa mwaka? Miaka yote limekaa nje chini ya turubai na halijafa.

Mafundi walikuja wawili, watu wa adabu, kazi yao sina la kuisema. Walitoboa zege, wakasimamisha nguzo mbili, moja kila upande, wakazikaza kwa bolti nene kuliko dole gumba langu. Walifuata karatasi yako. Na karatasi yako nayo, mashallah, ina vipimo mpaka vya milimita: upana wa banda, urefu wa dari, upana wa gari kutoka kioo cha pembeni hadi kioo cha pembeni. Ila gari ulilipima milango ikiwa imefungwa. Mtu anatokaje kwenye gari, Injinia? Anavuka kioo kama mvuke?

Nguzo ya upande wa usukani imesimama pale pale mlango wa mama unapofungukia. Unafunguka shibiri moja, basi. Mama, na nyonga yake ile iliyopasuliwa, akawa anatoka ubavu ubavu: kwanza mguu, halafu bega, halafu anavuta pumzi ndani na kujichomoa. Anacheka eti anafanya mazoezi. Nilipomwambia niwaite mafundi waing'oe, alinijia juu. "Mwanangu amejinyima huko aliko akaninunulia kitu, wewe unataka kukitupa?" Nikaacha iwe hivyo. Hapo na mimi nina lawama, nakubali.

Alhamisi iliyopita alirudi nyumbani kutoka kumwona mzazi mmoja mtaa wa pili. Unajua mama hajaacha ukunga, kastaafu kwenye karatasi tu. Akaingia bandani, akafunga mlango wa umeme kwa rimoti kama ulivyomfundisha, akazima gari. Kumbe siku hiyo alikuwa amesogea mbele kidogo kuliko kawaida. Mlango ukagota kwenye nguzo, haukufunguka hata upana wa kidole. Upande wa pili kuna nguzo nyingine, na kigari chenyewe kina milango miwili tu. Akabonyeza rimoti afungue banda arudi nyuma. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika. Na simu alikuwa ameiacha sebuleni.

Alikaa humo kwa muda wa saa mbili na nusu, mdogo wangu. Nilitoka kazini nikapitia mlango mdogo wa jikoni unaotokea bandani, nikamkuta gizani, mikono kwenye usukani, gari lako juu ya kichwa chake. Nilivuta kamba ya dharura ya mlango wa banda, nikamwita fundi cherehani wa jirani tukainua ule mlango pamoja, tukasukuma gari nyuma. Nikamuuliza mama, jamani, kwa nini hukupiga honi? Fundi cherehani yuko hapo nyuma ya ukuta, angesikia. Akasema aliogopa honi isije ikatikisa na kuliangusha gari la juu. Muda wote ule hata kukohoa alikohoa kwa kujizuia. Na alikuwa amejikojolea. Alinishika mkono akaniomba nisikwambie hilo. Nimekwambia.

Tangu siku hiyo ufunguo wa gari ameutia kwenye mkoba wangu. Anasema uzee umefika, ndiyo hivyo. Uzee gani? Mwezi uliopita tu alimwahisha binti wa fundi cherehani hospitali, mtoto akazaliwa salama. Jumapili binti alimwita aje amwangalie mtoto kitovu, mama akajibu hana nafasi. Na alikuwa amekaa sebuleni, hafanyi lolote, anatazama ukuta. Nilitaka kulia kwa hasira.

Jana nikamwita yule fundi mkubwa wa lifti. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua. Maskini akanitazama tu, akasema alikupigia simu kabla hajatoboa sakafu. Alikwambia mama hatapata nafasi ya kushuka. Ukamjibu, "Wewe funga. Huyo mama kuendesha ni mwaka huu tu, mwakani atakuwa ameacha."

Nilimuuliza mara mbili. Akarudia maneno yale yale.

Kwa hiyo naomba radhi kwa niliyoyaandika huko juu kuhusu vipimo. Hukusahau mlango. Ulijua, ukamhesabia mama siku zake za kuendesha ukaona zimebaki chache, za nini kuzihangaikia. Sijui hata nikuite nani.

Mama hajui hayo. Mafundi nimewaambia waje Jumamosi saa tatu asubuhi kuing'oa hiyo lifti, lakini mama amekataa katakata, anasema mpaka useme wewe mwenyewe. Basi mpigie kabla ya Jumamosi. Mwambie ulikosea vipimo, ulisahau kwamba mlango unafunguka. Danganya, mimi nakupa ruhusa. Mwambie mashine itoke kwa sababu unataka aendelee kuendesha, na ukija likizo ni yeye atakayekupokea. Usilitaje gari lako hata kwa bahati mbaya. Ijumaa ikiisha hujapiga, nitamketisha nimwambie ulichomwambia fundi, neno kwa neno, na wewe unajua mimi si mtu wa kutisha tu.

Mama mdogo na mjomba wanakusalimu, na fundi cherehani pia. Nibusie watoto, mwambie wifi kitambaa alichotuma ni kizuri sana. Mungu awalinde nyote, na wewe akuguse moyo kabla ya Ijumaa.

Mama amepita hapa sasa hivi, ameniuliza ninakuandikia nini kirefu hivi. Nimemwambia ninakushukuru. Amefurahi, akasema nikuongezee na shukrani zake.

Mimi nikupendaye, wiki hii kwa taabu,
Dada yako