Baba, Nimekubali Kupasuliwa

Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje tangu mmalize kupanda njegere? Na mama, kifua kimetulia na baridi hiyo ya mlimani Mgeta? Mimi na mume wangu Deo tupo, ila nisikudanganye kwamba tuna amani.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nashindwa kukupinga. Juzi uliponiambia, "Salome, usikubali kisu," niliitikia ndiyo, nikakata simu nikalia. Najua unamuwaza baba mdogo Beatus, aliyekwenda kupasuliwa tumbo mkamrudisha ndani ya jeneza.

Lakini ngoja nikueleze yaliyonipata. Lile gunia la mboga mlilotuma lilifika salama. Daktari alishanikataza mboga ngumu, ila kwa hamu ya nyumbani nikala kabichi kidogo. Jioni tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma, nikatapika mpaka nyongo. Deo akanipeleka hospitali kwa bajaji, nikalazwa. Habari ya kabichi usimwambie mama, atajilaumu bure.

Daktari wangu ni mama mtu mzima, hana haraka. Alinieleza kwamba huu ugonjwa wa Crohn ni uvimbe unaorudirudi ndani ya utumbo. Vidonge ninavyomeza, vile vilivyonivimbisha uso ukadhani nimenenepa, vinatuliza uvimbe. Ila sasa sehemu moja imefanya kovu na njia imebana.

"Dawa haiyeyushi kovu," akasema.

"Nikipewa dawa kali zaidi?"

"Zipo, na ukitaka tutajaribu. Huenda ukapata nafuu kwa muda. Lakini utumbo ukiziba kabisa au ukitoboka, tutakupasua kwa dharura ukiwa umeshadhoofika. Hilo ndilo ninaloliogopa."

Nikamuuliza kama kupasuliwa kutaumaliza ugonjwa. Hakunificha. Akasema unaweza kurudi, na huenda nikaendelea kutumia dawa. Akasema pia inawezekana, ingawa hategemei, nikaamka nina mfuko tumboni wa kupitishia choo mpaka kidonda cha ndani kipone. Baba, hapo nilimwomba daktari nitoke nje kwanza. Mimi bado mke kijana.

Nilimweleza Deo habari ya mfuko tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje. Akasema, "Nitajifunza kuubadilisha." Basi, akaenda kuninunulia maji.

Kesho yake nikamwambia daktari nimekubali. Nisamehe kwa kuamua kabla ya kukuuliza. Baba mdogo alishushwa mlimani kwa machela baada ya kuvumilia maumivu mpaka yakamshinda. Mimi nataka niingie kwa miguu yangu.

Hii haina maana kwamba siogopi. Tumbo likinguruma nashtuka. Nikiletewa uji nautazama kwanza, nikijiuliza kama utapita. Jana nilianza kumwelekeza Deo mahali nilipoweka kitenge changu kipya, ikitokea lolote, akanikatiza akatoka nje. Kiwandani msimamizi amesema nafasi yangu kwenye meza ya kukatia samaki itanisubiri. Nilimshukuru, lakini moyoni nilikuwa sina hakika.

Barua hii nitaikabidhi kwa watu wa basi, shangazi ataipokea Morogoro mjini na kumpa dereva wa lori la mboga. Nitapasuliwa Jumatano ijayo. Mume wangu atakuwa nami, na shemeji yangu wa hapa atanipikia nikitoka.

Msalimie sana mama. Msalimie kaka Yusto, mwambie asibebe magunia mawili kwa mpigo kwenye ile njia ya mtelemko. Bibi mzaa mama mpe shikamoo yangu, na umwambie nipo.

Jumanne jioni nitakupigia. Naomba usiniambie nikatae. Kama huwezi kuniambia niende, basi usiseme. Niombee tu kwa sauti, mimi nikiwa nasikiliza.

Ni mimi binti yako, nina hofu ila nimeamua,

Salome