Mzimu wa Pangoni

Acha unachofanya, usome hii. Leo nimeumbuka mpaka basi.

Unalijua lile pango la mwisho wa ufukwe, ambalo huwa nawaambia wageni lina mzimu wa bibi harusi aliyezama? Uongo wangu mwenyewe, niliutunga siku ile ya mvua wageni walipokosa cha kutazama.

Basi leo nimewapeleka wengine. Nimewasimamisha mdomoni mwa pango, nikashusha sauti: "Humu hajaingia binadamu tangu enzi za babu zetu."

Kitu cheupe kikainuka mle ndani.

Nikatoka mbio. Mimi, kiongozi wao. Kandambili moja nimeiacha kwenye mawe. Wageni wala hawakutikisika, wanapiga picha tu.

Mara nasikia nyuma yangu: "Mkwe, unakimbia nini?"

Mama mkwe. Kajitanda shuka la kitandani kwetu. Kumbe kila mchana huenda kulala mle, anawakimbia wajukuu na makelele yao.

Mama mkwe, ndugu yangu. Yule yule aliyemwonya mke wangu kabla hatujaoana kwamba mimi hata paka atanikimbiza.

Wageni nao wanasema hawajaona maigizo matamu kama yale, hasa zile mbio. Kesho wanaleta wenzao.

Nimerudi nyumbani kichwa chini, mikono nyuma, nikijua nitasutwa. Namkuta barazani, analikunja lile shuka taratibu.

"Mkwe," kaniambia, "kesho nipige na ukelele, au mbio zako zinatosha?"