Chumba cha Severini

Kawajense,
Mpanda.
12 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Severini,

Shikamoo. Habari za huko Mtwara? Wifi Emelyne anaendeleaje na mguu? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Joto la mwezi huu linatukausha kama michembe ya viazi juani, na mimi nimechoka, kaka. Nimechoka kweli.

Mama hajambo, ila nyumba ndiyo inayoumwa. Bati zimeoza, ukuta wa nyuma umepasuka, na sidhani kama utazimaliza mvua za mwaka huu. Nilimwomba ahamie kwangu Kasokola, akakataa katakata. Amesema humo atatoka amebebwa.

Basi tukapata mtu. Ni Didace, yule seremala wa Katumba aliyechonga jeneza la baba. Anainunua nyumba, lakini Mama hahami. Atalipa kidogo kidogo kila mwezi, ataezeka upya kabla ya mvua, na Mama atakaa humo hadi Mungu amwite. Hata msiba utakuwa hapo hapo, na Didace hatagusa ufunguo mpaka matanga yaanuliwe. Kwa sasa anaomba chumba kimoja tu, kile chenye mlango wa barabarani, aweke vitanda na makochi yake ya kuuza. Mwenyekiti wa mtaa ameridhika. Nikajua nimeutua mzigo.

Kumbe chumba chenyewe ni chako.

Mama amekubali yote, hilo tu hataki kulisikia. Kila Jumamosi anaanika godoro lako, anadeki, anatandika, halafu ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Didace amekuja amerudi, jibu ni lile lile: "Mwanangu akishuka kwenye treni alale wapi?" Nikimwambia utalala kwangu, anakaza fundo la kanga.

Kaka, sikulaumu. Kazi yako naijua, na nauli naijua. Lakini ukipiga simu unamwambia unakuja, na Krismasi ikipita ni mimi ninayeulizwa. Kama huji, usimwambie tena kwamba unakuja. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe akitoe chumba. Au njoo ulale humo hata siku moja, kisha ukitoe wewe. Didace amesema mvua kubwa ya kwanza ikishuka atatafuta nyumba nyingine, na mimi bati sina.

Shangazi Specioza anawasalimu sana, na Elia wangu anakuamkia. Mbusu Annonciata mdogo kwa ajili yangu.

Jana jioni yalipita manyunyu kutoka upande wa Sibwesa. Nilipofika hapa kwa Mama nilimkuta amekinga sufuria juu ya kitanda chako. Cha kwake alikiacha kikilowa.

Mungu awatunze nyie wote, na akulinde njiani ukiamua kuishika njia.

Mdogo wako anayekupenda hata akichoka,
Yustina