Nimepona kwa Mukene, Dada Anataka Nisifu Tembe

Shangazi Jovia, nisaidie, furaha na hofu vimenijaa pamoja. Mimi ni Selpher wa Masinya, na juzi nilicheza netiboli mechi nzima dhidi ya timu ya Mwello bila misuli ya mguu kukaza hata mara moja, mimi niliyekuwa nikibebwa nje nikilia, na tulishinda, Shangazi! Dada yangu Loice, aliyenilea mama alipofariki, anauza tembe za kalsiamu na magnesiamu pale Busia upande wa Kenya, akanipa nikameza kwa imani lakini nikafunga choo, tumbo likajaa, nikamwambia naziacha. Nesi wa kliniki akaniuliza nakula nini, nikasema ugali wa muhogo na chai kavu bila maziwa, akasema chakula hicho hakina madini ya kutosha, na mama mkwe wangu Alaso aliposikia akashika chungu mwenyewe: mukene, wale dagaa wa ziwani, mzima na mifupa yake kwenye mchuzi wa simsim, yaani ufuta, majani ya kunde, uji wa wimbi na maziwa. Polepole misuli ya miguu ikaacha kukaza, nikaanza kukimbia tena! Sasa Loice anataka Jumapili nisimame mbele ya akina mama kanisani niseme tembe zake ndizo zimeniponya. Nikamkumbusha niliziacha. Akasema, "Si ulizimeza? Basi hujadanganya." Nikikataa namwaibisha, nikikubali, kuna jirani yangu Abbo, mgonjwa wa figo, anangoja neno langu aanze kuzimeza. Nifanye nini?

*Selpher, nimekupigia makofi hapa ofisini! Lakini mbona unangoja Jumapili? Nenda kwa Abbo leo. Mwambie asimeze tembe yoyote kabla daktari wake hajakubali, kwa sababu figo zikiwa mbovu, madini hayo yanaweza kujaa mwilini yakamdhuru. Hata chakula chako asikiige, amuulize daktari kwanza.*

*Kisha kaa na Loice, nyinyi wawili tu. Mshukuru kwa kukulea, umwambie wazi hutashuhudia. Atanuna, mwache anune. Wapo wanaozihitaji tembe, kama wajawazito walioandikiwa kliniki, na hao wasiziache kwa sababu ya mechi yako.*

*Nawe usikihubiri chakula kama dawa, misuli hukaza kwa sababu nyingi. Endelea na chungu cha Alaso, mguu ukirudia urudi kwa nesi. Weka gazeti chini sasa, Abbo anangoja.*