Gari Letu Sote Limekufa, na Si Shemeji Yako Aliyeliua

Kijiji cha Isofwe,
Kwa njia ya Mpui,
Sumbawanga, Rukwa.
17 Mei 1981

Mpendwa mdogo wangu Flavian,

Shikamoo yako imefika, nami naitika marahaba kutoka huku juu kwenye baridi. Hujambo wewe, na wifi yangu Sesilia hajambo? Watoto wanaendeleaje na joto la huko Tanga? Sisi Mungu ametulinda. Mama mguu wake umepungua kuvimba, na sasa anafika shambani kwa fimbo moja. Anauliza kila siku kama ni kweli huko mnalala bila blanketi. Margareth amepata komunyo ya kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo alipokea Mwili wa Bwana akiwa kibogoyo. Mahindi mwaka huu yamekubali, na ulezi tunaukata wiki hii.

Sasa nije kwenye neno lililokufanya uandike.

Unasema Rafaeli, yule kijana wa jirani zetu aliyepita Tanga akitafuta kazi mkongeni, amekuambia kwamba shemeji yako ameua gari la kijiji, na kwamba huku anaitwa mhujumu. Ukaniuliza kwa upole kama kuna ukweli. Kuuliza si kosa. Ila nilipofika mstari ule nilitema mate chini, na nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha kanisa, Mungu anisamehe. Basi kaa chini usome, nikusimulie jinsi ilivyokuwa.

Gari lenyewe tulilinunua mwaka juzi. Kila kaya ilitoa mahindi na ulezi, vikauzwa, kamati ikaenda kulileta. Lilikuwa la mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyemaliza mkataba wake: gari refu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, limepakwa rangi ya kijani juu ya kutu. Siku lilipoingia kijijini moshi wa bluu ulilifuata kama mkia, na sisi wanawake tukapiga vigelegele. Mimi niliwazidi wote kwa sauti. Nikikumbuka natamani kujiziba mdomo.

Baba Margareth, huyo shemeji yako, akachaguliwa kuwa dereva, maana kazi hiyo aliijua tangu alipokuwa migodini Zambia, kabla hajanioa. Alifurahi sana, maskini.

Flavian, lile lilikuwa kama mgonjwa asiyepona wala kufa. Lilikunywa oili kama linalipwa. Likipanda kilima kidogo tu, maji yanachemka, mvuke unapuliza kwenye boneti, na abiria wanashuka na madumu kutafuta mto. Stata ilikufa mapema, betri ikaifuata, gari likawa haliwaki ila kwa kusukumwa. Na kwa kuwa uwanja wetu una mteremko, kamati ikaamua liwe linalala kwetu.

Hapo ndipo liliponitia kinyaa. Pale nilipokuwa naanika ulezi pakawa pa kuvuja oili nyeusi, inanata kama kamasi. Kuku wakahamia kwenye viti vya nyuma na kutaga humo, kisha watu wanapanda na kukalia mayai. Kila asubuhi tuliamka kwa harufu ya petroli, tukala kwa harufu ya petroli, hata shuka zikanuka. Baba Margareth akimega ugali naona kucha zake, namwachia bakuli lote la mboga ale peke yake.

Sabuni unajua ilivyo siku hizi. Duka la kijiji lina viberiti na majembe basi. Kipande changu cha mwisho nilikificha kwa ajili ya gauni la komunyo la Margareth. Kikachukuliwa kuziba tundu la tangi la petroli! Rejeta nayo ilipotoboka ikamiminiwa unga wangu wa mahindi, eti ukipata moto unaganda na kuziba. Ikaziba, kweli. Tukawa tunalipikia gari ugali, mdogo wangu, na watoto wanangoja.

Na usidhani kulikuwa na asante. Likiwaka, kila mtu ni mwenye gari, anapanda na kuku wake na mkeka wake. Likizima njiani, linakuwa gari la Zenon, mume wangu. Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu: "Zenon, gari lako hili vipi?"

Yeye hakuchoka. Alikwenda Sumbawanga kwa Mzee Huseni, yule mwenye duka na malori, kutafuta gasketi ya injini, kile kipande cha katikati kinachozuia maji yasiingie kwenye oili. Mzee Huseni ni muungwana, akamkaribisha chai kwanza. Kisha akamwambia, "Mwanangu, malori yangu mawili yamelala juu ya mawe. Ningekuwa na gasketi ningeivaa shingoni." Akarudi mikono mitupu, na ndivyo alivyorudi kila safari.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikiwa imeshika, oili ikaanza kutoka nyeupe kama mtindi. Baba Margareth akaita kamati pale uwanjani, akachovya kijiti, akawaonyesha. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nawapa uji. Aliwaambia, "Maji yameingia kwenye injini. Likitembea hivi litakufa kabisa. Lisiguswe mpaka gasketi ipatikane." Wote wakatikisa vichwa, Adolfu mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Haikupita wiki. Baba Margareth yuko shambani, Adolfu akaja amevaa shati la kijani na viatu, na mama yake, Bibi Dominika, amemshika mkono. Akatungua ufunguo kwenye msumari wa mlango wangu.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, Baba Margareth amelikataza."

Akasema, "Nampeleka mama hospitali mjini, macho yanamsumbua. Halafu gari ni la wananchi, mama. Mimi si mwananchi?"

Vijana wakalisukuma mteremkoni, likawaka, likaondoka linakohoa. Nikaliona linaiacha barabara ya mjini na kushika ile ya kwenda upande wa Kasesya. Nyuma kulikuwa na mitungi ya kimpumu. Sijapata kuona mgonjwa wa macho anayebebewa pombe.

Siku ya pili yake likarudi likivutwa na ng'ombe. Boneti wazi, injini imekwama ngumu, na linanuka uchachu kama kilabu cha pombe asubuhi. Bibi Dominika hakuonekana. Adolfu akasimama mbele ya watu na kusema Zenon aliitoa oili kwa makusudi ili kijiji kikose maendeleo. Neno alilotumia ni hujuma. Wewe uko mjini, unajua neno hilo linavyoweza kumpeleka mtu mbali.

Mgambo wakaja kumchukua Baba Margareth tukiwa tunakula. Hakubisha. Alinawa mikono, akawafuata. Wakamfungia kwenye stoo ya mahindi ya kijiji, pamoja na panya. Nilipompelekea chakula alikipokea dirishani akakiweka chini. "Uliwaambia?" nikamuuliza. "Wewe uliwaambia wote, kwa nini hawasemi?" Akanijibu, "Wanaogopa." Tangu anioe sijamwona na uso ule.

Na hao majirani! Kisimani walisogeza ndoo zao nikifika. Wale wale waliokunywa uji wangu na kuona kile kijiti walipita mbele ya nyumba wakiangalia upande wa pili. Flavian, gari lilinichafulia uwanja, lakini watu ndio walionichafua moyo. Nilikuwa nikiwasalimu natamani kwenda kusukutua mdomo.

Mkutano ukafanyika shuleni. Bwana mmoja wa kutoka wilayani alikuja kusikiliza. Adolfu akasema weee, ndugu wananchi, ndugu wananchi, mpaka mate yakamkauka. Baba Margareth alipopewa nafasi alisema maneno machache tu: "Oili sikuitoa. Nililikataza gari lisitembee. Kamati yote ilinisikia." Yule bwana akawatazama wanakamati. Mmoja akajikuna. Mwingine akasema siku ile alikuwa na homa.

Mara tukasikia kikohozi mlangoni. Bibi Dominika, amejifunika blanketi, anashikilia ukuta. Hakuna aliyemwita. Akaingia polepole, watu wakimpisha, akasimama mbele ya mwanawe.

"Adolfu, mwanangu," akasema, "mbona mimi umenisahau? Si nilikuwemo garini?"



"Mama, kaa nyumbani, unaumwa," Adolfu akasema.

"Naumwa kwa sababu gani?" Akawageukia watu. "Hatukwenda hospitali. Tulikwenda harusini. Moshi ukaanza kuingia ndani, nikamwambia simama mwanangu, kuna kitu kinaungua. Akasema mama, hiki ni chuma. Maji yakaisha yote. Akaona uvivu kushuka mtoni, akamimina kimpumu mle kwenye injini. Ikapiga kelele kama ng'ombe anayechinjwa, ikanyamaza. Nimetembea na mvua mpaka kulipopambazuka. Huyu Zenon mnamfungia nini?"

"Mama amezeeka," Adolfu akasema kwa sauti ndogo. "Amechanganyikiwa."

Hapo watu walipiga kelele mpaka mabati ya shule yakalia. Kila mtu akakumbuka ile harufu, na ghafla kamati nzima ikapona homa, wanashindana kusema walivyokiona kijiti. Nilitamani kulia na nilitamani kutapika, vyote pamoja.

Wakamfungua Baba Margareth siku ile ile. Adolfu akavuliwa uenyekiti, amewekwa Basil, mtu mtaratibu. Kwa hiyo Rafaeli ukimwona msomee barua hii, maana yeye aliondoka huku kabla ya mkutano na amebeba nusu ya habari.

Unaweza kudhani wanakamati waliomba radhi. Walikuja, kweli, wakakaa kwenye vigoda vyangu, wakasema kijiji kinafikiria kutoa mahindi tena kutafuta injini nyingine, na Zenon ajiandae kuiendesha. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia miguuni pao mpaka wakaondoka. Baba Margareth alikuwa ananicheka kimya kimya. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu stoo.

Lakini kile kifua cha Bibi Dominika hakikupona. Kabla ya Pasaka, asubuhi moja, Adolfu akaja. Hakuingia uwanjani, alisimama njiani, bila viatu. Baba Margareth alikuwa ananoa jembe.

"Zenon," akasema, "mama hawezi kupumua. Nimekwenda kwa wengine, hawanifungulii."

Flavian, mimi nilikuwa na maneno tayari mdomoni, mabaya yote. Baba Margareth hakuniangalia. Aliweka jembe chini, akasema, "Tukate miti ya machela."

Wakambeba wawili, yeye mbele na Adolfu nyuma, kuelekea zahanati ya Mpui, na mimi nikifuata na maji na kanga za bibi. Yule bibi alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Tulipopumzika alimshika Baba Margareth mikono, ile mikono yenye kucha nyeusi, akaipapasa. Tulifika akiwa hai. Alifariki jioni, baada ya padri kumpaka mafuta. Adolfu alilia kama mtoto, nami, sikufichi, sikuweza kumhurumia kama inavyompasa Mkristo. Mpaka leo sijaweza. Naungama kila mwezi na naona bado.

Baada ya matanga alileta ng'ombe wake mwenyewe, akaomba ruhusa, akalivuta lile gari kutoka uwanjani kwetu hadi nyuma ya ofisi ya kijiji. Nimechimba udongo wote mweusi pale lilipokuwa, nikautupa kwenye korongo. Harufu bado ipo asubuhi zenye ukungu, au labda ni pua yangu.

Likizo yako mwezi wa saba usiiahirishe. Usafiri wa kutoka Mpui hakuna, lakini Baba Margareth anasema atakuja kukupokea kwa miguu na mzigo wako ataubeba mwenyewe. Mwamkie mbele za watu, kwa sauti, wakusikie.

Mama anakusalimu na kukubariki. Margareth anawasalimu watoto wako, na shemeji yako anamsalimu Sesilia. Mpe salamu zangu, umwambie namngoja aje aone jinsi baridi ilivyo. Bwana awalinde mkilala na mkiamka, awape kazi na pumzi ya kuifanya.

Dada yako akupendaye siku zote,

Klementina